Supu ya Kunyamazisha

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Wengi wakiisikia methali hii huiwazia fimbo tu: mzazi amhurumie mtoto leo, asimchape, kesho mtoto awe mwizi na mzazi ajifunike kanga usoni kwa aibu. Hiyo ni maana yake moja, wala si uongo. Lakini mtoto ambaye hata kutambaa hajui hachapwi, na bado methali hii inaweza kumfikia mama yake. Ilimfikia Evaline, fundi cherehani wa Kibondo, na haikupitia kwenye fimbo. Ilipitia kwenye chupa ya kunyonyea.

Evaline alikuwa mke wa Renatus, dereva wa lori la mizigo ambaye alikaa wiki tatu barabarani na siku nne nyumbani. Alishonea kwenye baraza ya duka la vitambaa la Bi Mwanahawa, jirani na soko, mahali ambapo vumbi hutua juu ya kitambaa cheupe kabla mkasi haujakifikia. Cherehani haikuwa yake, ilikuwa ya Bi Mwanahawa. Chini ya meza ya kukatia aliweka boksi la sabuni, akalitandika vipande laini vya vitambaa, na humo ndimo alimoshinda Brighton, mwanawe wa kwanza, mwenye miezi sita, mashavu kama maandazi yaliyoumuka, na sauti ya kuwaamsha waliolala makaburini.

Mtoto huyo alikuwa mlizi. Akishiba alilia, akilowa alilia, akimwona mteja mwenye miwani alilia. Kila alipofungua kinywa, mguu wa Evaline ulikosea kanyagio na mshono ukaenda upogo.

"Mama Brighton," Bi Mwanahawa alimwambia siku moja, akiwa ameshika tama, "kwaya haijavaa sare, wako ameshaanza sauti ya kwanza. Mimi ni mzazi mwenzako, nimezaa sita kule Ujiji. Lakini mteja akija hapa anataka kupimwa kiuno, hataki kutobolewa masikio. Mnyamazishe, au mpeleke kwa bibi yake. Kabla yako alikuwepo fundi mwenye mtoto. Unamwona hapa?"

Evaline hakumwona, wala hakuuliza alikokwenda. Mtoto anayenyonya ampeleke Mabamba, mpakani kule, yeye abaki mjini na maziwa yakimtoka? Tangu siku hiyo aliogopa kilio cha mwanawe kuliko mtu anavyoogopa nyoka ndani ya nyumba.

Aliyemletea dawa ya kilio hicho alikuwa Safina, fundi mwenzake wa cherehani ya pili, binti mcheshi aliyejua nyimbo zote za redioni.

"Shosti, dogo anataka ladha," Safina alisema huku akichungulia bakuli la uji. "Unampa uji mweupe kama yuko mahabusu! Subiri."

Akavuka barabara, akarudi na pakiti ya tambi, zile za kuchemsha dakika mbili. Juu ya pakiti palichorwa bakuli linalofuka moshi, na pembeni mtoto mnene anayecheka mpaka ufizi. Nyuma yalikuwepo maandishi madogo kama mayai ya chawa, na hakuna aliyeyasoma. Ndani, pamoja na tambi, kulikuwa na kipakiti cha unga wa mchuzi, wa rangi ya manjano, wenye harufu ya kuku ambaye hakuna aliyemwona akichinjwa. Safina alikoroga kiasi cha ncha ya kijiko katika maji ya uvuguvugu, akamlambisha Brighton.

Mtoto akatoa macho. Akalamba midomo. Akanyoosha mikono yote miwili kuomba tena, na kilio kikakatika kama uzi uliopitiwa na mkasi.

"Unaona?" Safina alicheka. "Mwenzio ameonja mji."

Ndivyo ilivyoanza supu ya kunyamazisha. Wiki ya kwanza ilikuwa ncha ya kijiko. Wiki ya tatu ncha haikumtosha, ikawa nusu ya kipakiti ndani ya chupa. Baadaye kikawa kipakiti kizima, pamoja na tambi zilizopondwapondwa, na katikati ya siku biskuti zenye krimu, na juisi ya unga nyekundu iliyompaka ulimi kama aliyekula wino. Titi alilikataa. Alilishika mdomoni kidogo, akaliachia, akageuza shingo kuitafuta chupa. Maziwa ya Evaline yakapungua, na Evaline, Mungu amsamehe, aliona afadhali, kwa sababu gauni la kazini halikulowa tena.

Barazani sifa zilimwagika. "Huyu mtoto ana adabu!" wateja walisema. "Katulia kama karani wa mahakama." Bi Mwanahawa mwenyewe alimletea Brighton kofia. Hapo Evaline alijiona amepata ufunguo ambao mama wengine wameukosa.

Mwezi wa Julai mama mkwe wake, Bibi Asnath, alishuka kutoka Mabamba kumtazama mjukuu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, asiyejua haraka. Kikapu chake alikifungua fundo baada ya fundo: unga wa ulezi katika kitambaa chake, unga wa mtama katika chake, maharage ya njano yaliyokaangwa na kusagwa, dagaa waliotwangwa mpaka wakawa vumbi, kichupa cha mawese, na ndizi mbivu zilizolazwa juu ya vyote zisipondeke. Alipika uji mwenyewe, akadondoshea mawese matone matatu, akauonja kwa ncha ya mdomo wa chini kama alivyoonja chakula cha kila mtoto aliyepita mikononi mwake, kisha akampa Brighton.

Brighton alitema. Akapewa tena, akatema tena, na kulia juu yake.

"Hauna ladha, mama," Evaline alisema kwa haya. "Ongeza chumvi."

"Kwetu mtoto hatiwi chumvi mpaka atembee," Bibi Asnath alijibu. "Mama yangu alinifundisha hivyo, naye alifundishwa."

Safina, aliyekuwa akipiga pasi, aliangua kicheko. "Bibi, zamani chumvi ilitoka Uvinza kwa miguu! Mlikuwa mnabana matumizi tu. Siku hizi chumvi ipo kila kioski."

Hata Evaline alicheka, ingawa kicheko chake alikifunika kwa kiganja. Bibi Asnath hakukasirika. Alimfuta mtoto kidevu.

"Huenda ni hivyo, mwanangu. Mimi niliishia la saba, sijui mengi. Lakini ulimi wa mtoto unafundishwa kama miguu yake. Leo ataanguka, kesho ataanguka, siku ya tisa atasimama. Mpe uji huu kesho, mpe kesho kutwa. Akilia, mwache alie kidogo. Kilio cha uji hakijaua mtu."

Alirudi kwake kesho yake. Evaline alijaribu uji ule siku mbili. Siku ya kwanza Brighton alilia mbele ya mkuu wa shule aliyekuja kupimwa suti. Siku ya pili Bi Mwanahawa alikohoa, kikohozi kile ambacho si cha mafua. Unga wa Bibi Asnath ukafunikwa ndani ya kopo, kopo likasukumwa nyuma ya boksi la vifungo, na chupa ikarudi.

Ukaingia mwezi wa Agosti, jua la Kibondo likawa kali na upepo mkavu ukapausha mpaka majani ya migomba. Kwaya moja ya kanisani ilileta kazi kubwa: magauni thelathini na mawili, rangi ya zambarau, kola nyeupe, yavaliwe Jumapili kwenye mkutano. Bi Mwanahawa aliwaita mafundi wake wawili akawaonyesha kitambaa.

"Jumamosi jioni nataka magauni yote yaning'inie hapa. Kwaya ikivaa vizuri, makwaya yote ya wilaya yatakuja kwetu. Ikivaa vibaya, basi tena."

Jumatano Brighton aliharisha. Si sana, mara nne, na mwili ulikuwa na joto. Evaline alifikiria kumpeleka kituo cha afya, akatazama rundo la zambarau lililolala juu ya meza, akasita.

"Kuharisha kwa meno huko," Safina alimtoa hofu. "Halafu shosti, si kliniki wenyewe wanafundisha? Mtoto akiharisha apewe maji yenye chumvi. Na supu yake ina nini? Chumvi! Mwongezee tu, itamrudishia nguvu."

Neno hilo lilimwingia Evaline kama maji kwenye mchanga. Kweli kliniki walisema maji yenye chumvi. Aliyakumbuka maneno, kipimo hakukikumbuka. Siku hiyo alianza kutia vipakiti viwili katika chupa moja.

Brighton alinyonya kwa pupa isiyo ya kawaida. Alimaliza chupa, akalia. Akapewa nyingine, akamaliza, akalia. Alhamisi kilio kilibadilika, kikawa chembamba na kikali, kama cha paka aliyebanwa na mlango. Alilia na macho yakabaki makavu. Evaline aliliona hilo, na alilitafsiri vibaya: alidhani mtoto anadeka tu, ndiyo maana hana machozi. Akakoroga chupa nyingine. Mguu kwenye kanyagio, mkono mmoja kwenye kola, mkono wa pili ukimshikia mtoto chupa. Ukimwona ungesema mwanamke huyu Mungu alimpa mikono mitatu.

Ijumaa asubuhi mtoto alinyamaza mwenyewe. Alilala ndani ya boksi, macho nusu wazi, chupa ikiwa imeegemea shavu lake. Evaline alishusha pumzi. Alisema kimoyomoyo, "Asante Mungu, leo nitafanya kazi." Na kweli alifanya. Ilipofika saa tano magauni manane yalikuwa yamekamilika, na alikuwa anaimba.

"Mwakeye," sauti ilisalimu kwa Kiha kutoka juani.

Alikuwa Bibi Asnath, kikapu kichwani. Hakuwa ametarajiwa. Alisema alimwota mjukuu amekaa kwenye mto uliokauka, akaona bora aje amtazame.

"Shikamoo mama! Karibu, kaa hapa. Mtoto amelala, leo katulia kweli."

Bibi Asnath hakukaa. Aliinama juu ya boksi na kuita, "Brighton. We mwana wa mwanangu." Mtoto hakugeuka. Bibi alimgusa midomo, ilikuwa imepasuka kama udongo wa dimbwi. Akamfinya ngozi ya tumbo taratibu. Ngozi ilifuata vidole, ikabaki imesimama kama unga uliokandwa. Ndipo akaichukua ile chupa.

"Mama Brighton, hiki ni nini?"

"Supu yake, mama."

Bibi Asnath alimimina kidogo kiganjani, akapeleka kwenye ncha ya mdomo wa chini kama alivyozoea. Evaline hatausahau uso ule mpaka siku ya kufa. Ulikunjamana wote mara moja. Bibi akatema chini, akapangusa ulimi kwa upindo wa kitenge, akatema tena.

"Yoo, mawe, mama yangu! Evaline! Umeionja hii?"

Evaline alitazama chupa. Hakuwahi. Miezi miwili alikoroga, alitikisa, alipima joto kwa kudondoshea mkononi, lakini ulimi wake mwenyewe haukuwahi kugusa kilichoingia tumboni mwa mwanawe. Alipokonya chupa akanywa funda moja. Chumvi ilimpanda mpaka puani. Ilikuwa kali kuliko machozi, kali kuliko maji ya kulowekea nyama, na chini yake kulikuwa na utamu wa ajabu uliomfanya, hata katika hofu ile, atamani funda la pili. Hilo la mwisho ndilo lililomtisha zaidi.

"Mama, mimi... hospitali walisema maji ya chumvi..."

Hakumaliza. Ndani ya boksi mguu wa Brighton ulianza kurukaruka, kisha mkono, kisha mwili mzima ukajinyoosha kama ubao, macho yakapinduka yakabaki meupe. Hakutoa sauti hata kidogo. Boksi lilikuwa likigongagonga mguu wa cherehani, ko, ko, ko, na hiyo ndiyo sauti pekee iliyosikika barazani.

Safina alipiga yowe. Bi Mwanahawa alitoka dukani na futi shingoni, akaona, akatupa futi. "Bajaji! Jamani, bajaji! Mtoto wa watu!" Mwanamke yule mzito aliyekuwa hapandi hata ngazi alikimbia katikati ya barabara, mikono juu, bajaji ikasimama kwa kishindo mbele ya tumbo lake.

Hospitalini daktari aliyewapokea alikuwa Nathaniel, kijana mrefu aliyehamishiwa kutoka Iringa, asiyepaza sauti. Walimtuliza mtoto mtetemeko, wakamtafuta mshipa kichwani kwa sababu mishipa ya mikononi ilikuwa imejificha, wakachukua damu. Kisha akamgeukia Evaline.

"Mama, mtoto amekula nini wiki hii? Niambie vyote, hata kile unachokionea aibu."

Evaline alitoa mfukoni mwa aproni pakiti tupu. Alikuwa na tabia ya kuzitunza; nailoni yake ng'avu ilimfaa kufungia vifungo. Aliziweka mezani moja baada ya nyingine. Daktari alifikiri zimeisha, Evaline akatoa nyingine, na nyingine, mpaka nesi Mwatumu, aliyekuwa akiandika, aliacha kalamu.

"Hizi za mwezi?" daktari aliuliza.

"Za tangu juzi, daktari."

Daktari Nathaniel aliketi, akalisogeza rundo lile kando.

"Mama, sikuambii haya kukuumiza. Kipakiti kimoja cha unga huu kina chumvi ambayo mtoto wa miezi minane hapaswi kuimaliza hata kwa siku tatu. Figo zake ni ndogo kama maharage, haziwezi kuitoa. Kimetengenezwa kikoleze sufuria la watu wazima. Chumvi imejaa kwenye damu yake, sasa inavuta maji kutoka kila mahali, hata kwenye ubongo. Ndiyo maana ametetemeka."

"Lakini nilipompa alinyamaza," Evaline alisema kwa sauti ndogo. "Alikuwa analia, nikimpa ananyamaza."

"Alikuwa analia kiu, mama. Ulikuwa unamnywesha kiu."

Evaline alilisikia neno hilo kwa mwili mzima. Ulikuwa unamnywesha kiu.

"Na yale maji ya kliniki?" Bibi Asnath aliuliza kwa niaba yake. "Si yana chumvi nayo?"

"Yana chumvi kidogo sana, bibi, kwa kipimo. Pakiti moja ndani ya lita nzima ya maji safi, haizidi, haipungui. Dawa ikikosa kipimo si dawa tena."

"Basi mpeni maji sasa hivi," Evaline alilia. "Mpeni ndoo nzima!"

Daktari alitikisa kichwa. "Tukimpa mengi kwa haraka, ubongo utavimba, tutampoteza. Ni tone kwa tone. Siku mbili, labda tatu. Sikuahidi kitu, mama. Akiamka, tutaona ameamka na nini."

Ndipo zilipoanza siku mbili ambazo Evaline alizihesabu kwa matone. Wodi ilikuwa na watoto kumi na mmoja, na kumi walikuwa wakilia. Walililia sindano, walililia baba zao, mmoja alililia kandambili. Wa kumi na moja alilala akiwa na mrija kichwani, kimya, na kimya chake kilimpasua mama yake masikio. Mama wa kitanda cha pili alimwomba radhi: "Samahani dada, wangu anakusumbua." Evaline alimtazama kwa wivu ambao hakuwahi kumwonea mwenye nyumba wala mwenye gari.

Jumamosi Renatus alipiga simu akiwa njiani kurudi. "Weka simu karibu na kinywa chake," aliomba. "Nataka nimsikie tu." Evaline aliiweka. Wazazi wote wawili walisikiliza. Hakukuwa na kitu cha kusikia. Baadaye Renatus alikata simu bila kuaga.

Safina alikuja macho yamevimba. Alisimama mlangoni, hakuthubutu kukisogelea kitanda. "Shosti, nipige," alisema. "Nipige tu." Bibi Asnath alimshika mkono akamketisha kitandani. "Hakuna atakayekupiga. Wewe ulileta kijiko, na waliokuwa pale wakasifu. Hata mimi nilisema mara moja nikaondoka zangu. Kaa."

Bi Mwanahawa alileta chai na chapati, akaweka mezani, akakunja mikono. Maneno yake yote makali yalikuwa yamemwishia. Mwishoni alinong'ona, "Magauni nimeyarudisha kwa kwaya. Waimbe na ya zamani. Mungu hana macho ya nguo."

Siku hiyo hiyo Evaline alirudi barazani mara moja kufuata kanga za mtoto. Nyuma ya boksi la vifungo alilikuta kopo la unga wa Bibi Asnath. Alipolifunua, ulezi ulikuwa unatembea kwa wadudu. Wadudu walikuwa wameushiba, walikuwa wanene na wenye afya. Alikaa chini sakafuni, kopo mapajani, akalitazama mpaka Safina akaja kumwinua.

Jumapili mchana jua lilikuwa limesimama katikati na wodi ilinuka uji na dettoli. Nesi Mwatumu alikuja kubadilisha mrija. "Nitamchoma kidogo hapa mguuni," alisema kwa kawaida yake. Evaline alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, midomo karibu na sikio la mwanawe, akirudia lile alilokuwa akilisema tangu Ijumaa, mpaka sauti ikamkauka.

"Lia, baba. Lia, mwanangu. Lia wasikie mpaka sokoni. Hakuna atakayekunyamazisha. Lia."

Sindano iliingia. Uso wa Brighton ulikunjamana. Kidevu kilitetemeka. Kinywa kikafunguka, kikabaki wazi bila sauti kwa muda mrefu kama mahubiri. Kisha kikatoka kilio, cha kukwaruza kwanza, halafu kizima, kipana, cha Brighton yule yule wa boksi la sabuni.

"Ana machozi!" Bibi Asnath alisema. Alichovya kidole shavuni pa mtoto akakiinua juu kama mtu aliyeokota lulu. "Tazameni jamani, analia na machozi!"

Evaline aliangua kilio naye. Hakulia kama fundi wa mjini mwenye aproni safi. Alilia kama wanawake wanavyolia msibani, kichwa kitandani, mabega yakirukaruka. Na kifua chake, kilichokuwa kimekauka, kikaitikia sauti ile chenyewe. Gauni likalowa, na safari hii hakulifuta.

Walikaa hospitalini siku kumi na moja. Daktari alisema mtoto amepona kwa sehemu kubwa. Mkono wa kushoto ulibaki mzito kidogo, arudi kila mwezi wautazame. Evaline alisikiliza kila neno na safari hii aliuliza kipimo cha kila kitu mara mbili.

Aliporudi barazani, Bibi Asnath alibaki naye mjini. Unga mpya ulisagwa. Siku ya kwanza Brighton alitema uji, akalia. Siku ya tatu alitema, akalia, akampaka bibi yake kichwa kizima. Evaline alionja kila bakuli kwa ncha ya mdomo wa chini kabla halijafika kwa mtoto, kisha akangoja. Siku ya tisa, katikati ya kilio, kijiko kiliingia na uji haukurudi. Mtoto alinyamaza, akafikiri, akameza. Bibi Asnath alichota kijiko cha pili.

Wiki hiyo alikuja mteja mwenye haraka, mwenye miwani, na Brighton akaanza nyimbo zake. Mteja alikunja uso. "Fundi, huyu mtoto hana pakiti ya kitu umnyamazishe? Anapiga kelele."

Evaline alimtazama Bi Mwanahawa. Bi Mwanahawa alikuwa ameinamia kitambaa, akipima bila kuinua kichwa. "Kama masikio yanamuuma," alisema, "aende kwa fundi mwingine."

"Mwache alie, baba," Evaline alimwambia mteja kwa upole, huku akimpitishia futi kiunoni. "Cha kwake ni kilio cha uji, kitakwisha sasa hivi. Cha kwangu mimi kilichukua siku mbili, na mpaka leo nikisikia boksi likigongwa, machozi hunitoka."

Mteja hakuelewa. Lakini Safina kwenye cherehani ya pili alielewa, na Bibi Asnath na kijiko chake alielewa, na wewe uliyesoma mpaka hapa umeelewa pia: mchelea mwana kulia, hulia yeye.